Uzi: Kidhibiti cha kujitengenezea kwa tangi la samaki wa bahari, na makosa yaliyonilazimisha kukijenga upya

Mzamia Nchi Kavu (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Tangu niweke picha ya tangi langu humu nimeulizwa maswali mengi faraghani, na kwa kuwa mengi yanafanana nimeona niyajibu mahali pamoja. Nafuga samaki wa bahari na matumbawe machache sebuleni kwangu, Kinondoni, katika tangi la lita 220 ambalo maji yake hushuka kwa bomba hadi tangi dogo lililo kabatini chini yake, kisha pampu huyarudisha juu. Ukiondoa nafasi ya mawe na mchanga, maji yanayozunguka ni kama lita 240. Kazi ya kuyaangalia nisipokuwepo nimeikabidhi kwa kidhibiti nilichokiunda mwenyewe kwa bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo sana inayofuata programu unayoiandikia), na leo nitaeleza kilivyo, pamoja na mahali kiliponiumbua.

Maelekezo mengi tunayoyasoma kuhusu mambo haya yameandikwa na watu wa nchi za baridi, ndiyo maana huanza na hita. Hapa Dar hita haina kazi. Shida yetu ni joto: msimu wa kaskazi sebule yangu hufika nyuzi 31 au 32 mchana, taa na pampu nazo huongeza joto lake majini, na maji kadiri yanavyopata joto ndivyo uwezo wake wa kubeba oksijeni unavyopungua. Kwa nyuzi 25 lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban miligramu 6.7 za oksijeni. Kwa nyuzi 30 hubeba kama 6.2, ilhali samaki katika joto hilo anahitaji zaidi, si pungufu. Kwenye karatasi tofauti hiyo ni ndogo, lakini usiku wa manane, umeme umekatika na maji yamesimama, ni tofauti ya saa kadhaa za uhai.

Dawa niliyoichagua ni feni mbili za kompyuta, za volti 12, zinazopuliza juu ya uso wa maji. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na joto la takriban kilojuli 2,400, na tangi langu lote linahitaji kama kilojuli 1,000 tu ili lipande au lishuke nyuzi moja, kwa hiyo hesabu inalipa. Ila mji wetu una unyevu mwingi, na hewa iliyokwisha kushiba mvuke haipokei mwingine kwa urahisi. Kwangu feni hushusha nyuzi mbili hadi tatu, na hapo hugota. Nimeziamuru ziwake maji yakifika 28.2 na zizime yakishuka hadi 27.8. Atakayeona 28 ni nyingi akumbuke kwamba bahari yetu yenyewe huwa karibu nyuzi 25 mwezi Agosti na hufika 29 au zaidi mwezi Machi, na viumbe nilio nao ni wa bahari hiyo hiyo. Ninachokihofia ni nyuzi 30 na kuendelea kwa siku nyingi mfululizo, maana hapo matumbawe hupauka. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kawaida, matumbawe ya pwani yetu yalipauka na mengi hayakupona.

Sasa feni zikikausha lita 5 kwa siku, chumvi haiondoki na mvuke. Ukisafiri siku tatu bila mtu wa kujazia, maji yaliyokuwa na gramu 35 za chumvi kwa kila kilo yatakuwa na zaidi ya 37. Kwa hiyo kidhibiti kina kazi ya pili, nayo ni kujazia maji baridi. Nisemapo maji baridi katika uzi huu namaanisha maji yasiyo na chumvi, wala si ya friji. Nalisema hili kwa sababu jirani niliyemwachia tangi mwaka jana alinielewa kwa namna ile nyingine, na nilirudi nikakuta ameweka chupa za barafu.

Vifaa ni hivi: kihisi joto aina ya DS18B20, swichi mbili za boya, saa ndogo ya DS3231 yenye betri yake, bodi ya rilei nne (rilei ni swichi inayoamriwa kwa umeme badala ya kidole), na pampu ya volti 12 iliyozama ndani ya ndoo ya lita 20. Vingi nimevinunua Kariakoo, vichache nimeagiza. Lakini orodha ya vifaa si siri ya kazi hii. Jambo ninaloomba mnibishie ni hili: kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu, amua kila kifaa kitakuwa katika hali gani siku kidhibiti kitakapokufa. Rilei ina njia mbili, moja hupitisha umeme rilei ikiwa imelala, nyingine hupitisha ikiwa imeamka. Pampu ya mzunguko nimeifunga kwenye njia ya rilei iliyolala, ili kidhibiti kikiungua maji yaendelee kuzunguka. Pampu ya kujazia nimeifunga kwenye njia ya rilei iliyoamka, ili kidhibiti kikiungua isijaze hata tone. Feni nazo nimezifunga kama pampu ya mzunguko: bora zipulize usiku kucha bila sababu kuliko zizime mchana wa Februari.

Hizo feni mwanzoni nilizifunga kinyume, lakini kosa la kwanza kuniumbua lilikuwa la programu. Asubuhi moja niliamka nikakuta maji yako nyuzi 31.6 na feni zimelala fofofo. Kwenye kioo cha kidhibiti palisomeka −127. Maktaba ya programu ninayoitumia hurudisha namba hiyo pale kihisi kinapokuwa kimekatika, na programu yangu, kwa utiifu wake wote, iliona kwamba maji yako nyuzi 127 chini ya sifuri, ikazima feni ili samaki wasipate baridi.

Bamvua Tupu

Mkuu, hongera kwa uzi. Mimi naishi Kunduchi na nina tangi dogo la lita 90. Naomba kufahamu kihisi kilikatika kwa sababu gani, maana kile kinachouzwa kina ganda la chuma kisichoshika kutu na waya wake umefunikwa vizuri. Pia nimewahi kuona changu kikionyesha 85 ghafla kisha kurudi kawaida, nikadhani ni uchawi.

Mzamia Nchi Kavu

Mkuu, hilo ganda tunaambiwa halishiki kutu, lakini aliyeliita hivyo hakufikiria maji ya bahari. Changu kilianza kuweka madoa ya rangi ya chai baada ya miezi michache. Hata hivyo, safari hii kosa halikuwa kwenye ganda bali kwenye kiungio cha waya, ambacho nilikiacha ndani ya kabati, sentimita chache juu ya maji. Humo hewa ni ya chumvi muda wote. Nilipokifungua, waya wa taarifa ulikuwa umekuwa wa kijani, na nilipouvuta kidogo ulichomoka kama jino la mtoto. Sasa kihisi nimekiingiza ndani ya mrija mwembamba wa plastiki ulioziba upande mmoja, viungio vyote nimevitoa nje ya kabati, na bodi nimeipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, tabaka mbili, nikiacha wazi sehemu za kuunganishia waya.

Kuhusu 85, hiyo ndiyo namba ambayo DS18B20 huanza nayo inapopata umeme, kabla haijapima chochote. Kupima kwa usahihi wake wa juu huchukua milisekunde 750. Ukiuliza mapema, au umeme wa kihisi ukikatika kidogo katikati, unajibiwa 85. Angalia kama umeweka rezista ya kilo-omu 4.7 kati ya waya wa taarifa na waya wa volti 5.

Siku hizi programu yangu haiamini namba yoyote iliyo chini ya 20 au juu ya 35. Nina vihisi viwili, na vikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi moja, king'ora hulia na feni huwaka. Vihisi bandia navyo vimejaa sokoni, kwa hiyo kila kipya hukipima kwanza ndani ya kikombe cha barafu iliyopondwa na maji baridi (ya friji na yasiyo na chumvi, yote mawili safari hii). Kizuri kinatakiwa kusoma sifuri, kikiyumba kisizidi nusu nyuzi. Kimoja kilinisomea 1.9, nikakirudisha dukani.

Kijana wa Bando

Kaka, mbona unajitesa na Uno mwaka huu? Chukua bodi ya ESP32, ina Wi-Fi ndani yake, unapata taarifa zote kwenye simu na unaweza kuwasha feni ukiwa ofisini Posta. Au weka Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo kamili, yenye reef-pi, ambayo ni programu huria iliyoandikwa mahususi kwa matangi ya matumbawe. Ina kurasa zake nzuri, michoro ya joto na kila kitu. Kumbukumbu ya Uno yako ni kilobaiti 2 tu, hata ujumbe wenyewe hautoshi.

Mzamia Nchi Kavu

Mdogo wangu, kilobaiti 2 zinatosha kabisa kwa mtu anayelinganisha namba mbili na kuamua kuwasha feni. Reef-pi naiheshimu, na kwa mwenye umeme wa uhakika ningemshauri aanze nayo. Ila Raspberry Pi huishi kwa kadi ya kumbukumbu, na kadi hizo haziupendi umeme unaokatika ghafla wakati zinaandikwa. Nimepoteza moja kwa namna hiyo. Uno ikizimwa na kuwashwa mara ishirini kwa siku, mara ya ishirini na moja huanza kama kawaida.

Ushauri wako wa Wi-Fi nimeuchukua nusu. Nina moduli ndogo ya ESP8266 pembeni, Uno huituma taarifa kwa waya mmoja, nayo huzifikisha kwenye simu yangu. Waya huo una rezista mbili za kugawa volti, kwa kuwa Uno husema kwa volti 5 na mwenzake husikia kwa 3.3. Jambo la msingi ni kwamba taarifa huenda upande mmoja. Hakuna amri yoyote inayotoka kwenye simu kuja kwenye tangi. Bando likiisha, samaki hawatajua.

Fundi Mstaafu wa Temeke

Nimesoma kwa makini. Nimefanya kazi ya umeme wa majumbani kwa zaidi ya miaka 30, na ninachokiona kwenye picha yako kinanitia hofu. Una ekstensheni ya kawaida ndani ya kabati lenye maji ya chumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno kuliko ya bombani, na mkono wako unaingia humo kila siku. Je, umeweka kikata umeme cha uvujaji, hiki kinachoitwa RCD, cha miliampia 30? Na nyumba yako ina waya wa ardhini wa kweli, au ni ile plagi ya pini tatu ambayo pini ya tatu ni pambo?

Mzamia Nchi Kavu

Shikamoo, mzee wangu. Nakiri kosa. Picha ile ni ya zamani, lakini si ya zamani sana.

RCD ipo sasa, niliiweka baada ya kuhisi mchomo kidoleni, mahali nilipokuwa na kidonda kidogo. Pampu moja ilikuwa imepasuka ganda, umeme ukawa unavuja majini, na samaki walikuwa wakiogelea humo kana kwamba hakuna kitu. RCD ilipofungwa ilikataa kukaa hadi pampu hiyo ilipochomolewa. Ekstensheni nimeipandisha ukutani, nje ya kabati, na kila waya unaotoka majini hushuka kwanza chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda, ili tone linalofuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Waya wa ardhini niliitia fundi aupime, tukakuta kweli ulikuwa pambo, kama ulivyosema. Tumefukia fimbo mpya nje.

Fundi Mstaafu wa Temeke

Marahaba, kijana wangu. Afadhali. Ongeza jambo moja: rilei ndogo za bodi hizo zimeandikwa ampea 10, lakini pampu si taa. Pampu inapozimwa hurusha cheche, na cheche zikizoea, chuma cha ndani huganda pamoja. Siku hiyo programu yako itasema "zima", taa ya rilei itazima, na pampu itaendelea. Usiipe rilei ya ampea 10 zaidi ya ampea 2 au 3 za pampu, na weka fyuzi kwa kila njia.

Mama wa Kigamboni

Ndugu mwanzisha uzi, mimi si mtu wa elektroniki, lakini mwanangu wa kidato cha nne anataka kutengeneza sehemu ya kujazia maji tu. Swichi za boya ni zile zile za simtanki? Na je, anaweza kutumia maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi, kwa kuwa yanaonekana masafi na ni ya bure?

Mzamia Nchi Kavu

Dada yangu, nianze na maji, kwa sababu ndiyo yanayoua kimyakimya. Maji ya kiyoyozi hupita juu ya mabomba ya shaba, na shaba hata kidogo tu huua konokono, kamba, matumbawe na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo. Ya mvua yanayopita kwenye bati nayo husomba zinki. Ya bombani yana klorini na mengineyo. Atumie maji yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosi au yaliyokenekwa, na asinunue kiungio chochote cha shaba, hata kile kizuri cha kung'aa.

Swichi ya boya ninayoizungumzia ni ndogo kama kidole: boya linapanda na kushuka kwenye kijiti, ndani lina sumaku, na sumaku hufunga au kufungua swichi iliyo ndani ya kijiti. Wazo ni lile lile la simtanki, ila boya la simtanki hufunga bomba lenyewe, hili hutoa taarifa tu. Aweke mbili. Ya chini ndiyo ya kazi. Ya juu ni ya dharura, na waya wake upite moja kwa moja kwenye umeme wa pampu bila kupitia programu, ili hata bodi ikirukwa na akili, maji yakifika hapo pampu inakufa. Azifunike kwa wavu, maana konokono hupenda kupanda juu ya boya na kulilalia, na boya lililolaliwa na konokono husema maji ni kidogo siku zote.

Kisha aweke ukomo wa muda. Pampu yangu hutoa lita moja kwa dakika, nilipima kwa jagi. Programu hairuhusu iende zaidi ya sekunde 90 kwa mkupuo, na baada ya hapo hupumzika nusu saa hata kama boya linalia njaa.

Ndoo iwe ndogo kwa makusudi. Nilitamani kuweka pipa la lita 100 ili nisijaze kwa wiki tatu, nikajiuliza: yote yakiingia kwa mara moja itakuwaje? Lita 20 zote zikiingia kwangu, chumvi hushuka kutoka 35 hadi kama 32. Samaki watanuna lakini wataishi. Lita 100 zingekuwa mazishi, na mwenye nyumba angekuwa mfiwa wa pili.

Bamvua Tupu

Mkuu, naona umeandika "nilitamani" na "nikajiuliza". Inaelekea kuna siku ndoo iliingia yote.

Mzamia Nchi Kavu

Iliingia, na uchungu wake ni kwamba kidhibiti hakikukosea hata kidogo.

Ndoo ilikuwa juu ya kigoda pembeni mwa kabati. Mrija ulitoka kwenye pampu ndani ya ndoo, ukapanda ukingo, ukashuka kabatini na mdomo wake ukazama kidogo katika tangi la chini, kwa sababu sikupenda kelele ya maji yanayodondoka. Saa tano usiku boya likaomba maji, pampu ikawaka sekunde 40, boya likaridhika, pampu ikazimwa. Lakini mrija ulikuwa umeshajaa maji, na mdomo wake ulikuwa chini ya usawa wa maji ya ndoo. Kila aliyewahi kunyonya mafuta kutoka kwenye tangi la gari kwa mpira anajua kilichofuata. Pampu za namna ile zikiwa zimezimwa hazizuii maji. Ni tundu tu. Ndoo ilijimwaga polepole usiku kucha. Nilishuka kitandani alfajiri nikakanyaga maji, na nilipoyaonja kwa ncha ya ulimi nikajua yana chumvi, yaani ni ya tangi, si ya bomba la jikoni. Kipimo kilisoma 33.

Sikumwaga chumvi kuirudisha. Kwa siku tatu nilijazia maji ya bahari badala ya maji baridi, chumvi ikapanda yenyewe taratibu kadiri feni zilivyokausha. Ndoo sasa iko sakafuni, na mdomo wa mrija nimeuinua juu kuliko maji ya ndoo yanavyoweza kufika hata ikijazwa pomoni. Kelele ya kudondoka nimeizoea. Nikiisikia usiku najua nini kinaendelea.

Mwalimu wa Fizikia

Ahsante kwa maelezo hayo. Nitaitumia ndoo yako darasani. Nina maswali mawili. Kwanza, kwa nini hukugusia kipimo cha pH, yaani cha ukali wa tindikali au besi ya maji, ambacho kwa wengi ndicho moyo wa kidhibiti? Pili, baadhi ya wafugaji huweka maji ya chokaa katika ndoo ya kujazia ili kuyapa matumbawe kalsiamu. Unaonaje?

Mzamia Nchi Kavu

Mwalimu, pH ninaipima lakini siitii. Elektrodi hutoa takriban milivolti 59 kwa kila hatua moja ya pH katika nyuzi 25, tena kwa udhaifu mkubwa kiasi kwamba kila kitu kinachopitisha umeme karibu yake huisumbua. Changu kilikuwa kikisoma 8.2, pampu ya mzunguko ikiwashwa husoma 7.9, ikizimwa hurudi 8.2. Maji hayabadiliki kwa sekunde mbili, kwa hiyo kilichobadilika ni kelele ya umeme. Nikatenganisha umeme wa kipimo na wa bodi, pakatulia, lakini bado elektrodi hupoteza usahihi kwa wiki chache na hudai kupimwa upya kwa maji ya pH 7 na pH 10. Kitu kinachosahau namna hiyo sikipi funguo za pampu. Ninaandika tu inavyopanda mchana na kushuka usiku.

Kuhusu chokaa, kanuni yake ni nzuri. Gramu 1.7 hivi za chokaa iliyozimwa huyeyuka katika lita moja, na maji hayo hupata pH ya zaidi ya 12. Matumbawe hupenda kalsiamu hiyo ikiingia kwa matone. Ila hebu rudia kusoma kisa cha ndoo, ukiweka maji ya chokaa mahali pa maji baridi. Kwa lita 17 za maji hayo nisingekuwa na uzi wa kuandika. Chokaa ninaitia kwa mkono, asubuhi, kikombe kidogo, na si ile ya kupakia kuta, kwa kuwa hiyo ina takataka zake.

Kijana wa Bando

Kaka, umeme ukikatika je? Kwetu Mbagala wiki iliyopita ulikatika mara nne kwa siku moja.

Mzamia Nchi Kavu

Kukatika si tatizo kubwa kama kurudi. Umeme ukikatika, rilei ya kuchungulia huamsha pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ya volti 12, ampea-saa 7. Betri hiyo ina kama wati-saa 84. Nikikubali kutumia nusu ili isife mapema, pampu ya wati 5 huenda saa nane. Inatosha kwa usiku mmoja, pamoja na ile mara ambayo hapakuwa na tatizo la umeme mtaani bali uniti za LUKU ziliisha saa tisa usiku na sote tumelala. Tangu hapo sikubali zishuke chini ya 20.

Umeme unaporudi mara nyingi hucheza kwanza, kwa hiyo kidhibiti husubiri dakika tatu kabla ya kuruhusu pampu kubwa. Hapo mtaniuliza: si ulisema pampu hiyo iko kwenye njia ya rilei iliyolala? Ndiyo, na kidhibiti kikiwa hai huiamsha rilei mara tu kinapopata umeme ili kuizuia, kisha huiachia. Rilei za bodi hizi huamka kwa volti sifuri, hivyo katika programu, kwa rilei nyingine zote, ni lazima uandike hali ya juu kwenye pini kabla ya kuitangaza kuwa pini ya kutoa, la sivyo rilei huruka mara moja kila bodi inapowaka.

Na kuna mtego mwingine ambao ulinichukua muda kuugundua. Pampu inaposimama, maji ya juu hushuka na tangi la chini hujaa. Inapowaka huyanyonya yote kwanza kabla ya yale ya juu kuanza kurudi, na kwa dakika kadhaa tangi la chini huonekana kana kwamba limepungukiwa. Boya hudanganyika na kuomba maji. Umeme ukikatika mara nne kwa siku, umejazia mara nne maji ambayo hayakupungua. Kwangu kujazia kumefungwa kwa dakika 15 baada ya umeme kurudi.

Mama wa Kigamboni

Mwanangu ameanza, na amenituma nieleze kisa chake. Alipanga taa iwake saa 2 na izime saa 12. Usiku wa manane tukaona sebule inawaka kama ukumbi wa harusi.

Mzamia Nchi Kavu

Mwambie hayuko peke yake. Ile saa ya DS3231 ni sahihi sana, haipotezi hata dakika mbili kwa mwaka, lakini haijui kwamba siku yetu huanza jua likichomoza. Aandike 8 kwa saa mbili asubuhi, na 18 kwa saa kumi na mbili jioni. Samaki wape siku moja ya kupumzika bila taa.

Bamvua Tupu

Swali la mwisho kwangu. Unajuaje kwamba kinga zote hizi bado zinafanya kazi, ikiwa hazitumiki hadi siku ya balaa?

Mzamia Nchi Kavu

Ninazisumbua mwenyewe, Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Nachomoa plagi ya kihisi kimoja na kusubiri king'ora. Nabonyeza boya la chini kwa kidole na kuhesabu hadi pampu ikome yenyewe, kisha naliinua la dharura wakati pampu inaenda. Nabonyeza kitufe cha majaribio cha RCD. Mwisho nazima swichi kuu na kusikiliza kama pampu ya hewa inaanza.

Jumamosi iliyopita vyote viliitikia isipokuwa boya la dharura, ambalo lilikuwa limeganda kwa chumvi iliyotambaa kwenye kijiti chake na halikusogea hata nilipolisukuma. Nimeliloweka kwenye siki usiku kucha. Leo asubuhi linateleza, na nimeagiza jingine.